Jiwe la Kuwekea Pasi

Majirani zangu, nawaandikia nikiwa na furaha, kwa hiyo msitayarishe leso. Haya nitakayosimulia wengi wenu mmeyasikia vipandevipande, na kila kipande kimetiwa chumvi na aliyekileta. Mimi nayajua mazima. Kibanda changu cha kushona viatu kinatazamana na nyumba yenyewe, na fundi viatu ana bahati moja: watu wakimwona ameinamia soli, hudhani na masikio yake yameinama.

Kumbukeni asubuhi za upande ule wa barabara zilivyokuwa. Kwenye kona ya mbele ya kiwanja chake, chini ya turubai la bluu, kinyozi wetu anatundika kioo na kupangusa kiti. Sote tunamwita Mstari, kwa sababu hakuna anayechonga mstari wa nywele juu ya paji la uso kama yeye. Nyuma ya nyumba cherehani ya mkewe inakimbia, inasimama, inakimbia tena. Ng'ambo ya ua wa michongoma Mama Mkunga anaanika shuka zake huku akiimba wimbo ambao sijawahi kumsikia akiumaliza. Huyu mama ni mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa imepita mikononi mwake, Mstari mwenyewe akiwamo, na hakosi kumkumbusha.

"Wewe nilikushika miguu juu, kichwa chini," humwambia mbele ya wateja. "Ulipiga kelele kuliko hiyo mashine yako."

Wateja hucheka, Mstari naye hucheka, kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli yake. Tuliuonea fahari ujirani ule.

Basi siku moja gari la matangazo likapita polepole, kipaza sauti juu ya paa. Likasema hati za viwanja vya mtaa wetu zinakaribia kuisha muda wake. Maofisa wa ardhi watapita nyumba kwa nyumba kuhakiki mipaka kabla ya kutoa hati mpya. Kila mwenye kiwanja awepo, na jirani yake awepo, waoneshane mawe ya mpaka na kutia sahihi.

Mstari alikuwa anamnyoa mwalimu wa hesabu. Mkono ukamteleza. Kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, mstari ukapanda kama ngazi, na mwalimu akashinda na kofia darasani mpaka nywele zilipoota. Sisi tulidhani ni uchovu. Kumbe mwenzetu maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana jambo lenyewe ni la ajabu kidogo. Mnajua kwamba ua wa michongoma haukai bila kupogolewa. Kati ya nyumba zile mbili mpogoaji alikuwa Mstari, kwa kuwa ana makasi na ana mkono, na Mama Mkunga alimshukuru kila mara. Lakini Mstari alipogoa upande wake tu. Upande wake alikata mpaka kwenye mifupa. Upande wa Mama Mkunga aliacha matawi yaende yanakotaka. Matawi yakagusa udongo, yakatoa mizizi, yakawa michongoma mipya. Ile ya zamani iliyobaki upande wake akaing'oa kimyakimya na kuifanya kuni. Msimu baada ya msimu ua ukawa unatembea. Hakuna aliyeuona ukinyanyua mguu, lakini ulitembea.

Tena aliutembeza kwa akili. Mbele, barabarani, ambako kila mpita njia ana macho, ua ulibaki palepale. Nyuma, ambako hakuna apitaye, ulipinda kuelekea kwa Mama Mkunga. Mtu tuliyempa jina kwa kunyoosha mistari alikuwa na ua uliopinda kuliko yote mtaani, na sote tulipita mbele yake tukimsifu.

Pale nyuma palipopatikana nafasi, akamjengea mkewe chumba cha kushonea. Hapo ndipo penye uchungu wa hadithi hii. Mkewe, shemeji yetu, alikuwa amefanya kazi barazani tangu aolewe. Mvua ikija anakusanya vitambaa mbiombio, vumbi likija anafua upya nguo ambazo mwenyewe hajazivaa hata mara moja. Alipopata chumba chenye dirisha na meza ndefu ya kukatia, alisimama mlangoni akalia, na sisi tuliokuwa tumealikwa kushangilia tukajikuta tunafuta macho. Hakujua kwamba nusu ya chumba imesimama kwenye ardhi ya jirani. Mumewe alimwambia kiwanja chao kiliishia huko tangu zamani, naye akaamini. Mke atamtilia shaka mumewe kwa mengi, lakini nani anamtilia shaka kuhusu ukubwa wa ua wa nyumbani?

Limebaki jiwe. Serikali ilipopima mtaa ilizika mawe ya zege kwenye kila pembe ya kila kiwanja, kila moja na namba yake. La mbele lilikuwa barabarani, halina neno. La nyuma lilikuwa limezikwa katikati ya ua, na ua ulipoondoka likabaki peke yake upande wa Mstari, limekodoa macho. Mstari si jambazi. Alikuwa amesikia kwamba kung'oa jiwe la mpaka ni kosa la kumpeleka mtu jela, akaogopa. Basi hakuling'oa. Alijenga chumba kulizunguka, akasakafia sakafu mpaka kwenye mabega yake, na mkewe alipouliza lile jiwe penye ukuta wa nyuma ni la nini, akajibu bila kupepesa:

"Nimekuwekea la kuwekea pasi, mama watoto. Haliungui wala halitikisiki."

Mkewe akafurahi. Tangu siku hiyo pasi yake ya mkaa ikawa inapumzika juu ya jiwe la serikali.

Siku ya maofisa ilipokaribia, Mstari alibeba kapu kubwa la vipande vya vitambaa akalifunika lile jiwe.

"Kesho usiliguse hilo jiwe," akamwambia mkewe. "Limeanza kupasuka. Nitakutafutia lingine."

"Limepasuka wapi? Mbona jana lilikuwa zima?"

"Wewe liache tu."

Lakini shemeji alikuwa na sare za kwaya za kupiga pasi, na wanakwaya wenyewe hawana subira hata chembe. Asubuhi, mumewe alipotoka tu kwenda kwenye kona yake, akasogeza kapu, akalikagua jiwe, hakuona ufa wowote, akaweka pasi yake na kuendelea na kazi.

Maofisa walikuwa wawili. Mmoja ni dada mwenye kalamu nyuma ya sikio, ndiye afisa ardhi. Mwingine ni mpima, mzee mwenye kofia pana na chombo cha miguu mitatu. Mstari aliwapokea kwa bashasha ambayo kodi yake ya ardhi haijawahi kuipata.

"Mzee wangu, umetoka mbali na jua hili. Kaa kitini nikutengeneze kidogo. Leo sitaki chochote kwako."

Mpima akavua kofia. Kichwa kilikuwa cheupe, hakina unywele hata wa dawa. Nilijiuma mdomo nisicheke, nikajichoma sindano kidoleni.

"Labda siku nyingine," mpima akasema, na kusimika chombo chake juu ya jiwe la mbele.

Dada afisa akachukua fimbo yenye rangi nyekundu na nyeupe akaenda nyuma ya nyumba. Mpima akafumba jicho moja, akawa anampungia mkono: kushoto, kushoto tena, bado kushoto. Mama Mkunga alikuwa amesimama kando na miwani yake minene, akifuatilia kama anayetazama mpira. Dada afisa akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagota kwenye ukuta wa chumba cha kushonea.

"Endelea," mpima akaita.

"Kuna ukuta."

"Basi jiwe liko ndani."

"Ndani kuna cherehani tu," Mstari akadakia. "Cherehani na nguo za kwaya. Mtawachafulia watu sare zao."

Mkewe alikwisha fungua mlango. "Karibuni, karibuni. Msijali fujo, ndiyo kazi ilivyo." Hata sisi majirani tukasogea dirishani, mimi nikiwa na kiatu cha mtu mkononi.

Dada afisa aliangaza macho chumbani, yakatua pembeni. "Mama, hiyo pasi umeiweka juu ya nini?"

"Juu ya jiwe langu," shemeji akajibu kwa fahari. "Mume wangu aliniwekea tulipojenga. Sijaona jiwe zuri kama hili."

"Naomba uinue pasi."

Akainua. Mpima akapiga goti, akapangusa majivu kwa kidole gumba, na namba ikajitokeza. Dada afisa akaisoma kwa sauti, akaangalia ramani yake, akamgeukia shemeji kwa upole.

"Hili liliwekwa na serikali, mama. Lilikuwa hapa kabla ya chumba."

Shemeji alibaki na pasi mkononi. Alimtazama mumewe, na mumewe akatazama dari.

"Mimi sikung'oa jiwe," Mstari akasema hatimaye. "Nataka hilo liandikwe. Liko palepale lilipowekwa."

"Ni kweli," mpima akajibu. "Hukuling'oa. Umelijengea nyumba."

Dirishani tuliangua kicheko. Lakini kicheko kilikatika, kwa sababu Mama Mkunga alikuwa ameingia, ameinama, na anapapasa lile jiwe kwa vidole kama alivyokuwa akipapasa matumbo ya wake zetu.

"Kwa hiyo mimi sipotei," akasema.

Hatukumwelewa. Akaketi kwenye kigoda cha shemeji akaeleza. Kwa muda mrefu, kila akianika, shuka zilikuwa zinanasa kwenye michongoma. Akahamisha nguzo ya kamba. Baada ya muda zikanasa tena, akahamisha tena. Ua ulikuwa wa jirani mwema anayempogolea bure, hivyo hakuufikiria. Alijifikiria yeye. Aliona ameanza kupoteza vipimo, hajui tena nyumba yake inaishia wapi. Akabadilisha miwani, ikawa vilevile. Mwisho akawaambia wanawe kwamba hafai kukaa peke yake, na alikuwa ameshakubali kuhama akakae kwa binti yake.

"Nimeshaanza kufunga vyombo," akasema.

Jamani, mimi nimeshona viatu vya watu wa kila namna, na moyo wangu una sugu kama vidole vyangu. Siku hiyo niliumia. Udongo unarudishwa. Lakini kumfanya mtu asiyaamini macho yake mwenyewe, ndani ya ua wake mwenyewe, hilo nililiona ni wizi mkubwa kuliko chumba kizima. Na kumbukeni kwamba kodi ya ardhi ya kile kipande alikuwa anailipa yeye mwaka hata mwaka. Cherehani ilikuwa inakimbia juu ya kodi ya Mama Mkunga.

Dada afisa hakupiga kelele. Alisema tu kwamba ama chumba kibomolewe, ama majirani wakubaliane na makubaliano yaandikishwe ofisini kabla kazi ya mtaa haijakamilika. La sivyo, hati ya Mstari haitoki, na ya Mama Mkunga nayo itasubiri shauri. Kisha wakaenda nyumba ya pili.

Shemeji hakugombana. Laiti angegombana, Mstari angepona haraka. Aliita mashoga zake wawili, wakabeba cherehani, wakaipeleka barazani mahali ilipokuwa zamani. Akarudi akachukua vitambaa, akachukua pasi, akafunga mlango wa chumba na kumkabidhi mumewe ufunguo.

"Kila siku nilipoinua pasi ulikuwa unanidanganya," akamwambia. "Sishoni kwenye ardhi ya mama aliyenizalisha wanangu."

Mawingu nayo yalikuwa kama yamepewa taarifa. Mvua ikaja, shemeji akaanza mbiombio zake za zamani, anafunika sare za kwaya kwa nailoni, upande mmoja ukifunikwa mwingine unafunuka. Mstari alikuwa kwenye kona yake, hana mteja, anaona yote kwenye kioo. Nilimwona akitazama kioo kile kwa muda mrefu. Mvua ilipokata alichukua makasi yake makubwa ya ua, akavuka kwenda kwa Mama Mkunga. Mimi nami nikakumbuka kwamba Mama Mkunga ana viatu vyake kwangu, nikavipeleka hapohapo.

"Mama, nimekukosea," Mstari akasema, amesimama kwenye matope. "Nimekukosea sana, na sina la kujitetea."

"Na lile la kwamba hukung'oa jiwe?"

"Nalo nimeliacha."

"Basi kaa unieleze ulivyofanya. Nataka kujua nimechezewa vipi."

Akaeleza yote, matawi, mizizi, kuni. Mama Mkunga alisikiliza amekunja uso, lakini alipofika pale ua unapong'olewa huku na kuota kule, uso ukaanza kumshinda.

"Miaka yote hiyo, kwa makasi? Si ungeniomba tu?"

"Ungenipa?"

"Nisingekupa. Lakini ungekuwa umeomba kama mtu mzima." Akavua miwani akaifuta. "Mkeo sitaki anyeshewe. Yeye hakuniibia kitu. Chumba kisivunjwe. Twende kwa yule dada, anikatie kipande kingine kwako, cha kulingana na hiki. Ila nitachagua mimi."

Mstari karibu ambusu mikono. Njia nzima ya kurudi alikuwa anahesabu moyoni kile atakachopoteza: labda banda la kuku, labda pale pa kuchomea takataka. Aliniambia mwenyewe, na kusema kweli sikumwona akihuzunika hata kidogo.

Ofisini, nami nikiwa nimeitwa kuwa shahidi, dada afisa akaeleza kwamba jambo hilo linawezekana kisheria. Majirani wanabadilishana vipande vinavyolingana, mpima anahamisha mawe, ramani inarekebishwa, na kila mmoja anapata hati yenye mipaka mipya. Akaongeza sharti: mke atie sahihi, na jina lake liingie kwenye hati ya nyumba pamoja na la mumewe.

"Hilo nalo lazima?" Mstari akauliza.

"Jina lake lingekuwamo tangu mwanzo," dada akajibu, "angelijua jiwe ni la nini." Shemeji akavuta kalamu kabla mumewe hajavuta pumzi.

Kisha Mama Mkunga akaulizwa anataka kipande gani. Akainama juu ya ramani, miwani ikigusa karatasi, akaweka kidole.

"Hapa."

Ilikuwa kona ya barabarani. Kona ya turubai la bluu, ya kioo, ya kiti. Mstari alikuwa na eneo zima la kuku na takataka huko nyuma, na bibi wa watu ameweka kidole kwenye sahani yake ya kulia.

"Mama, hapo ndipo ninapokula," akasema kwa sauti ndogo.

"Najua. Na mimi pale uliponyang'anya ndipo nilipoanikia." Akamwacha alowe jasho kidogo, kisha akamgeukia dada afisa. "Ardhi ikishakuwa yangu, ninaweza kumpangisha mtu?"

"Unaweza. Tutaandika mkataba wa upangaji. Lazima uwe na muda na pango lake."

"Muda, maadamu anajua kunyoa. Pango, kila mwezi atapogoa ua. Aanze upande wangu, mimi nikiwa nimekaa kitini natazama. Akimaliza kwangu ndipo aende kwake."

Dada afisa alichomoa kalamu nyuma ya sikio, akaishika kidogo mdomoni. Nadhani alikuwa anazuia kicheko cha serikali. Akaandika.

Mawe yakahamishwa. Lile la nyuma lilipochimbuliwa, shemeji alisimama kulitazama likitoka, na mpima akampa kipande cha zege kilichovunjika pembeni, kikubwa cha kutosha pasi. Cherehani ikarudi chumbani kihalali, ikabebwa na Mstari peke yake, mgongoni, hakutaka kusaidiwa. Mama Mkunga alifungua vyombo vyake vyote alivyokuwa amevifunga. Binti yake alikuja kumchukua akakuta mama anapika, akala akaondoka.

Na ua? Siku hizi umenyooka. Kila mwezi Mama Mkunga hutoa kiti chake, hukaa, na Mstari huanza kukata upande wa mama huku jasho likimtoka. Juzi nilisikia makasi yakisimama, na kinyozi akisema, "Mama, naona upande wako umemalizika, nihamie kwangu."

"Bado," Mama Mkunga akamjibu bila kunyanyuka. "Pale chini, tawi moja linanichungulia. Nimeliona."

Hakuwa hata na miwani.

Funzo

Wenzangu, ardhi ya jirani haiji kwako yenyewe. Ukiiona inakuja, jua kuna mkono unaoivuta, na mara nyingi mkono ni wako. Anayemega mpaka kidogokidogo hujiambia kwamba hajaiba, kwa kuwa hakuna siku moja anayoweza kuitaja kuwa ndiyo siku ya wizi. Mwenye kuibiwa naye hulipa mara mbili: kwa udongo wake, na kwa amani ya moyo wake. Tambueni mawe ya mipaka yenu. Yaonesheni kwa wake zenu, kwa waume zenu na kwa wanenu, na majina ya wote wanaohusika yawe kwenye hati. Ukihitaji nafasi, bisha hodi uombe. Ukinyimwa, rudi nyumbani ukiwa mtu mzima. Na jirani anayekupogolea ua bure, mshukuru, mpe maji ya kunywa, kisha zunguka nyuma ukatazame.